Kisogo cha Bi Midomo

Ukimkuta Bi Midomo kwenye foleni ya zahanati utadhani amerukwa na akili. Anakutazama usoni, anafumbua mdomo, anaufumba, anaupinda huku na huku, na sauti haitoki hata chembe. Hajarukwa na akili, usimwonee. Anakuuliza kama daktari ameshafika. Aliingia kiwanda cha nguo kabla hajaolewa na akatoka mvi zimemjaa kichwani, na ndani ya ukumbi wa kufumia, mashine zote zikinguruma kwa pamoja, aliyetumia koo alikuwa anajichosha bure. Wafumaji walizungumza kwa midomo. Walitongozana kwa midomo, walisengenyana kwa midomo, na waliwatukana wasimamizi mchana kweupe huku wamewakazia macho. Msimamizi asiyeijua lugha ile aliondoka akidhani wafanyakazi wake wanampenda.

Lugha hiyo ilikuwa na adabu zake. Aliyeambiwa jambo likamfikia aligusa paji la uso kwa vidole viwili, maana yake nimekusikia. Asipogusa, msemaji alirudia. Na aliyesikia jambo akalikataa, alimpa mwenzake kisogo. Hilo lilikuwa tusi kuliko matusi yote ya pale, maana mtu akishakupa kisogo huna tena pa kumsemesha. Upanue mdomo mpaka taya zikuume, mazungumzo yamekwisha na jibu lake ni hapana.

Siku hizi kiwanda kimegeuzwa ghala la magodoro, na Bi Midomo ana kazi nyingine isiyo na mshahara. Ukumbi wa zamani wa chama cha wafanyakazi una chumba nyuma ambacho kwa muda mrefu kilikuwa makazi ya panya. Yeye ndiye aliyewafukuza. Akaingiza benchi la kantini, aproni zilizochakaa, filimbi ya mlinzi wa zamu, bango la kitambaa ambalo wanawake walilifuma wenyewe kwa nyuzi walizozificha kwenye vilemba, na kile kipaza sauti cha mkononi alichokitumia kaka yake wakati wa mgomo mkubwa. Kila asubuhi anavipangusa vumbi. Ukigusa bango lile kwa mikono yenye mafuta, siku hiyo utasikia kwamba hata bila mashine mwanamke huyu sauti anayo.

Msichana mmoja wa chuo alikuja kumsaidia, naye hapo ukumbini anaitwa Mtafiti. Alitaka kuhifadhi masimulizi ya wafanyakazi wa kiwanda kile kabla hawajazikwa nayo. Siku ya kwanza alileta kinasa sauti, akamhoji Bi Midomo asubuhi nzima, akaenda nyumbani kusikiliza. Akakuta mlio wa saa ya ukutani. Bibi, kila alipofika penye utamu wa hadithi, aliteremka kwenye lugha ya kiwandani na kumalizia bila sauti. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku hiyo Mtafiti huja na kamera yenye kunasa picha na sauti, huisimamisha kwenye miguu yake mitatu, na taa yake nyekundu humkodolea Bi Midomo.

Habari za mgomo mkubwa zinajulikana kwa kila aliyefanya kazi pale. Wafumaji walijifungia ndani ya kiwanda, wakakaa humo mchana na usiku, wakidai mikono iliyokatwa na mashine ilipwe fidia. Kaka yake Bi Midomo ndiye aliyekuwa kinywa cha mgomo, na mpaka leo watu humwita Spika. Lango kubwa lilizibwa kwa marobota ya pamba na hakuna askari aliyeweza kupenya. Kisha siku moja, wakati watu wanakunywa chai, askari wakatokea kwa nyuma, kwenye mlango wa boila, ule mtambo wa mvuke. Walipiga watu bila kuchagua. Katikati ya vilio mtu mmoja alipaza sauti, "Mlango haukuvunjwa! Umefunguliwa kwa ufunguo!"

Na ufunguo wa mlango ule alikuwa nao mtu mmoja tu, fundi wa boila. Fundi wa boila alikuwa mume wa Bi Midomo.

Mgomo ulipozimwa, Spika aliwekwa ndani wiki kadhaa, akatoka amebebwa mabegani. Fundi wa boila yeye aliitwa kazini kabla ya wote, na hilo ndilo lililommaliza. Watu walisema ndiyo malipo yake hayo. Ukweli ni kwamba boila ile ilikuwa na kisirani, na hapakuwa na mwingine aliyejua kuiwasha bila kuilipua, lakini nani alikuwa na hamu ya kusikia habari za boila? Kantini alikula peke yake mpaka alipostaafu. Nyumbani mkewe alimpikia, alimfulia, alimzalia binti, na suala la ufunguo halikutajwa hata mara moja. Wala hawakuzungumza tena kwa midomo, wao waliokuwa wanachekeshana kutoka upande huu wa uwanja hadi ule. Alipougua ugonjwa uliomchukua, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Sikulaumu kwa kuchagua damu yako." Bi Midomo aliyapokea maneno yale kama kukiri. Alifunga macho ya mumewe akiamini amefunga macho ya msaliti, na alimlilia hivyo hivyo.

Ndiyo maana kwenye chumba cha kumbukumbu hapakuwa na picha ya fundi wa boila. Binti yao aliomba itundikwe. "Mama, hata pembeni, hata nyuma ya mlango." Bi Midomo akakataa katakata. Alisema historia haina mjomba wala shangazi, na picha ikabaki kwenye kabati la binti. Tangu hapo binti huja kumsalimia mama yake nyumbani, lakini ukumbini hakanyagi. Kibao cha mbao chenye jina la Spika, kwa upande mwingine, kilikuwa tayari kimechongwa. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani kikingoja siku ya uzinduzi, wiki inayofuata, kipigiliwe juu ya mlango.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mjane wa mpiga picha wa kampuni alikuwa anasafisha nyumba, akaona kopo la bati lenye utepe wa filamu. Akampa Mtafiti. Kumbe uongozi wa kiwanda ulimweka mumewe kwenye dirisha la ofisi ya ghorofani siku zote za mgomo, awapige picha viongozi ili wajulikane. Kamera ilisimama hapo hapo alipokuwa akisimama msimamizi mkuu, mwanamke aliyepandishwa cheo kutoka kwenye mashine, na lugha ya midomo aliijua vizuri. Filamu haikuwa na sauti. Mtafiti aliipeleka ikasafishwa, kisha akawaita wafumaji wa zamani waje Jumamosi mchana wamsaidie kutambua sura. Yeye alitaka sura tu. Maneno hayakumjia akilini, na wala Bi Midomo mwenyewe hakuyafikiria.

Walikuja, wengi wao wanawake, na magongo yao na magoti yao yanayolia. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatandazwa ukutani. Spika aliwekwa mbele kwenye kiti chenye mto. Mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, anavaa miwani myeusi, lakini ulimi wake haujapata kuugua.

"Nikitokea mniambie," alisema. "Nataka kujua kama kweli nilikuwa mzuri au mlinidanganya ujana wangu wote."

"Ulikuwa na masikio makubwa," alisema Mama Pacha, rafiki wa Bi Midomo tangu siku za zamu ya usiku, na ukumbi ukaangua kicheko.

Projekta ikawaka. Uwanja wa kiwanda ukatokea ukutani, na watu waliokwisha kufa wakaanza kutembea. Kwanza ilikuwa ni kuitana majina na kufuta machozi. Halafu Mama Pacha akaruka kwenye benchi. "Jamani! Mnaona anavyosema huyu? Anasema meneja ana tumbo kama mwenye mimba ya mapacha!" Kumbe wote walikuwa wanaona. Midomo ilikuwa pale ukutani, wazi kabisa, na lugha ile hawakuisahau. Wakaanza kusoma kwa kupokezana, huyu anakopa sabuni, yule anamkana mchumba, na Mtafiti akageuza kamera yake haraka iwaelekee wao, anatetemeka kwa furaha. Alikuja kutafuta sura akapata sauti. Bi Midomo alicheka mpaka mbavu zikamuuma.

"Huyo! Huyo Spika!"

Alikuwa kijana mwembamba, amesimama peke yake katikati ya uwanja. Umati wote ulikuwa umempa mgongo, unatazama lango kubwa. Yeye alikuwa ameinua uso, anatazama juu, moja kwa moja kwenye dirisha la ofisi. Wanawake wakaanza kupiga makofi, na mzee kwenye kiti chenye mto akatabasamu akanyoosha shingo. Kijana ukutani akafungua mdomo. Alitamka taratibu, kwa midomo mipana, kama mfumaji anayezungumza na mtu aliye mashine ya mbali.

*Ufunguo ninao. Mlango wa boila. Wakianza kunywa chai.*

Akangoja. Akaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu aliyeona mwenzake wa dirishani amegusa paji la uso. Kisha akajichanganya na umati.

Makofi yalikufa moja moja. Bi Midomo alitaka kujiambia kwamba macho yamezeeka, yamekosea, lakini alipogeuka alimwona Mama Pacha ameshika mdomo kwa mikono miwili, na nyuma yake sura zote zimepauka. Hakuna aliyesoma tofauti. Ndipo midomo ikaanza. Ukumbi mzima ulizungumza bila sauti, benchi kwa benchi. *Umeona? Ni yeye. Haiwezekani. Ni yeye, mama wee, ni yeye.* Walibishana, walilia, walitukana, na hakuna kilichosikika ila feni ya projekta.

"Mbona mmenyamaza?" aliuliza Spika. "Dada, nasemaje hapo?"

Bi Midomo aligeuka kumtafuta Mtafiti. Alitaka kumwambia azime, lakini filamu haikumngoja. Uwanja ulijaa moshi. Askari walimiminika kutoka upande wa boila, watu wakakimbilia ngazi za ofisi, wanawake wakabanana pale ngazini chini kabisa ya kamera, vichwa vyao vinaonekana kwa nyuma. Mmoja alikuwa na kilemba cha madoadoa. Kilemba kile alikifuma mwenyewe. Alijiona akiwa msichana, amesimama anatazama uwanjani.

Na huko uwanjani askari wawili walikuwa wamemshika mumewe. Damu ilimtiririka sikioni. Aliinua uso kuelekea ngazini, akamtafuta mkewe, akamwona. Hapo yule msichana wa kilemba akageuka. Alimpa mumewe kisogo, na kwa kufanya hivyo akaipa kamera uso. Uso huo ulijaa ukuta mzima, kijana, mkavu, midomo imebanwa. Wanawake waliokuwa karibu naye waligeuka pia, mmoja baada ya mwingine. Juu ya bega lake, mdogo lakini wazi, fundi wa boila alikuwa anazungumza.

*Si mimi. Kaka yako alichukua ufunguo. Alisema kamati ya mgomo imeagiza. Si mimi.*

Alirudia. Alirudia tena, kwa sababu hakuna aliyegusa paji la uso. Kisha akaacha kurudia, akakitazama kile kisogo, na uso wake ukabadilika kwa namna ambayo Bi Midomo aliielewa papo hapo. Ni uso wa mtu aliyepata jibu.

Akakaa. Alikuwa hajaona! Siku ile aligeuka kwa sababu alisikia neno ufunguo na hasira ikampanda, hakumwona mumewe akifungua mdomo. Lakini mumewe angejuaje? Alikuwa anaifuata adabu ya lugha yao. Aliamini mkewe amesikia na amekataa. Miaka yote ile, akila wali wake kimya, akivaa mashati aliyopigiwa pasi na mwanamke huyu, aliamini anaishi na mtu anayeujua ukweli na aliyemchagua kaka yake. Na bado alimshika mkono akamwambia hamlaumu. Bi Midomo alisikia sauti ikimtoka, mbaya, nzito, sauti ya koo, na watu wakageuka kutafuta nani analia.

"Bibi, kuna nini?" Mtafiti alikuwa amesimamisha filamu. Yeye lugha ile haijui, alikuwa anahamisha macho kutoka uso hadi uso. "Jamani, wamesema nini? Bibi?"

Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Bi Midomo aliiangalia, akauangalia ukumbi. Bibi mmoja nyuma alimtamkia, *Nyamaza, ni damu yako hiyo, mzee mtu mzima, utamuua.* Mama Pacha akatamka, *Sema. Usiposema wewe, nasema mimi.* Kibao chenye jina kilikuwa pale pale ukutani, kimepakwa vanishi.

Aliinuka akashika benchi la kantini, lile ambalo mumewe alilikalia peke yake.

"Spika anasema ufunguo anao yeye," alisema kwa sauti. Ilikuwa imepasuka, akaisafisha, akaanza upya. "Anamwambia msimamizi dirishani. Mlango wa boila, wakianza kunywa chai. Na mume wangu anasema si yeye. Anasema kaka alimchukulia ufunguo kwa jina la kamati. Andika yote, mwanangu. Na huyo msichana anayegeuka ni mimi. Andika hicho kisogo pia."

Mzee alivua miwani yake taratibu. Macho yake meupe yalielekea upande usiokuwa na mtu.

"Waliniahidi hakuna atakayeguswa," alisema. "Watu walikuwa wamechoka, dada. Waliniahidi wataingia, watazungumza, basi."

Akaifuta miwani kwa upindo wa shati.

"Nilingoja anitaje," aliendelea. "Kila nilipoamka nilijua leo shemeji atanitaja. Msibani kwake nilikaa karibu na jeneza, nikawa nafikiri huenda amekuachia neno. Hakunitaja."

"Alikutaja. Aliniambia mimi, siku ile ile."

"Aa." Mzee aligeuza uso kuelekea sauti ya dada yake. "Na wewe ulimjibuje?"

Hakuuliza kwa ubaya. Hakuona ukutani, na kisogo alichokisikia kikitajwa hakujua alipewa nani. Bi Midomo alifungua mdomo, na haikutoka sauti wala umbo la neno lolote. Mama Pacha aliyekuwa anamtazama alisema baadaye kwamba hajawahi kuona midomo ya rafiki yake ikiwa mitupu namna ile.

Kibao alikigeuza mwenyewe, kikatazama ukuta. Akamwomba Mtafiti simu, akampigia binti yake, akamwambia maneno machache: alete ile picha ya baba yake hapa ukumbini, aje nayo sasa hivi, na kwamba sababu atamwambia uso kwa uso. Binti akasema, "Nakuja, mama." Watu wawili walimwinua Spika na kumtoa nje, naye akaenda akipapasa kwa gongo, anauliza, "Dada yuko wapi? Ananitazama?"

Hakuwa anamtazama.

"Rudisha pale," alimwambia Mtafiti. "Pale wanapomshika."

Filamu ikarudi nyuma. Bi Midomo alitembea mpaka mbele kabisa, akasimama karibu na shuka kiasi kwamba picha ilimwangukia kwenye gauni. Mumewe aliinua uso. Msichana wa kilemba cha madoadoa aligeuka, na safari hii mwanamke mwenye mvi alikuwa mbele ya shuka, ametulia, anatazama. *Si mimi,* alisema fundi wa boila. *Kaka yako alichukua ufunguo. Si mimi.* Bi Midomo aliinua vidole viwili akagusa paji la uso. Akagusa tena. Akagusa kwa nguvu, mpaka wanawake kwenye mabenchi walisikia.

Kwenye shuka mumewe aliendelea kurudia, anamtazama, anangoja, mpaka askari walipomvuta akatoka kwenye picha.